Oili ya giaboksi ikigeuka tui: pa kuanzia kabla ya kununua sili ya tatu

Swali limetoka Kilindoni, Mafia, nami nimelifupisha kidogo:

"Fundi, shikamoo. Nina mashine ya boti, Yamaha Enduro 40 ya kuchanganya petroli na oili. Niliinunua mkononi kwa mtu, umri wake siujui. Kila nikifungua oili ya giaboksi inatoka nyeupe kama tui la nazi. Sili za propela zimebadilishwa mara mbili mwaka huu na bado hali ni ileile. Fundi wa hapa anasema giaboksi imekwisha, nitafute mguu mzima (ile sehemu ya chini yenye giaboksi na propela). Bei yake siiwezi. Je, ni kweli imekwisha?"

Marahaba, mwanangu. Kwa haya uliyonieleza, hakuna aliyethibitisha kwamba imekwisha. Kilichothibitika ni kimoja tu, kwamba maji yanaingia. Yanapoingilia hapajulikani kwa kuwa hapajatafutwa. Sili zimebadilishwa kwa kukisia mara ya kwanza, zikabadilishwa kwa kukisia mara ya pili, na ya tatu itakwenda njia hiyohiyo usipopima presha. Kupima kunahitaji pampu ya baiskeli, geji, ndoo ya maji ya sabuni na asubuhi moja. Nitakueleza hatua kwa hatua, ila kuna jambo la kufanya leo hii, kabla ya kupima chochote.

Usiiache mashine ilale na oili hiyo ndani. Gia na beringi zilizomo ni chuma kigumu kinachoshika kutu kama chuma kingine chochote, na kinachozilinda ni utando mwembamba wa oili. Maji ya chumvi yakishachanganyika na oili, utando ule hukatika. Mashine ikiwa inatembea, oili hurushwarushwa na bado kuna nafuu. Ikisimama, maji hutuama juu ya chuma, na beringi huanza kuota madoa. Doa huwa shimo, na shimo ndilo linaloleta ule mlio wa kusaga. Giaboksi nyingi nilizozitupa hazikufa baharini. Zilikufia ufukweni, zimekaa wiki mbili tatu na maji tumboni wakati mwenyewe anatafuta pesa za sili.

Kwa hiyo imwage leo. Toa kwanza waya za plagi, maana utaizungusha propela kwa mkono na sitaki mashine ikuwakie. Isimamishe wima, fungua skrubu ya chini, kisha ya juu. Ikishatoka yote, funga ya chini, tia dizeli kiasi, zungusha propela taratibu kwa dakika kadhaa, mwaga tena. Rudia mpaka dizeli itoke safi. Halafu jaza oili mpya ya gia, hata kama unajua itaharibika kesho kutwa. Oili ya kujaza mguu huo ni chini ya nusu lita. Seti ya gia ni bei ya boti. Na hiyo chafu usiimwage baharini, nakuomba. Maji ya kwenu ndiyo ya papa potwe, na sehemu ya bahari ya Mafia ni hifadhi tangu 1995. Itie kwenye dumu, kuna gereji zinazoichukua.

Unapoimwaga, itazame vizuri, maana oili husema. Kama mashine imesimama wima saa chache, legeza skrubu ya chini kidogo tu, bila kugusa ya juu, ukaone tone la kwanza ni la nini. Maji yakitangulia kutoka yakiwa peke yake, ndipo oili ikafuata, ujue yanaingia mengi, na pengine yanaingia hata mashine ikiwa imezimwa. Ikitoka tui tupu tangu mwanzo, maji yameshasagwa na gia. Nyeupe ya mapovu ni kitu kingine: oili iliyotoka kazini sasa hivi huweza kuonekana ya maziwa kwa sababu ya hewa, na ukiiweka kwenye gilasi saa moja hurudi rangi yake. Nyeupe ya maji haiondoki hivyo. Kisha chovya vidole viwili uisugue. Ukihisi unga laini kama masizi, huo ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande vinavyokwaruza au vinavyometa kama magamba ya dagaa, basi kuna gia au beringi inayomeguka, na maneno ya fundi wako yana uzito. Hukunitajia vipande, wala hukusema gia inaruka au inalia, kwa hiyo mimi bado nina matumaini na mguu wako.

Sasa tuone maji yanaingiaje. Watu wengi hudhani maji husukumwa na bahari kuingia. Kwa kina cha mguu wa boti, msukumo wa bahari ni mdogo sana. Kazi kubwa hufanywa na joto. Mashine ikitembea, giaboksi hupata moto, hewa iliyobaki juu ya oili hutanuka na kutafuta pa kutokea. Kama pana upenyo, hutoka. Ukizima, mguu unapoa haraka ndani ya maji, hewa ile husinyaa, na giaboksi huvuta kama mtu anayenyonya dafu kwa mrija. Inachovuta ni maji yaliyoizunguka. Ndiyo maana mtu huenda baharini asubuhi oili ikiwa safi, akatia nanga, akavua saa nne, akarudi, na kesho yake anakuta tui. Kila safari ni pumzi moja ya kutoa na pumzi moja ya kuvuta.

Milango ambayo giaboksi huweza kuvutia maji haizidi sita. Kuna sili mbili za shafti ya propela. Kuna oringi, yaani pete ya mpira, kubwa inayozunguka nyumba ya beringi, yaani kile kipande cha nyuma kinachobeba sili hizo. Kuna sili za shafti ya wima, zilizofichika chini ya pampu ya maji. Kuna sili au oringi ya fimbo ya gia. Kuna washa za skrubu mbili za oili. Na mwisho kuna bodi yenyewe ya alumini, ikiwa imepasuka au imeliwa na chumvi. Mafundi wengi hukimbilia mlango wa kwanza kwa kuwa ndio wanaouona. Huenda kweli ndio unaovuja. Lakini hata ukivuja hapo, mara nyingi sili si mkosaji.

Hapa nataka tukae kidogo. Sili ni mdomo wa mpira unaobanwa na springi ndogo juu ya shafti inayozunguka. Haiwezi kuwa nzuri kuliko chuma inachokalia. Mashine ikifanya kazi miaka mingi, mdomo ule pamoja na mchanga unaonasa chini yake huikata shafti, na kuacha mfereji mwembamba unaozunguka. Chomoa propela, futa shafti kwa kitambaa mpaka ikauke, kisha pitisha ukucha wako kutoka nje kuelekea ndani, polepole. Ukucha ukikwama hata kidogo, huo ndio mfereji. Sili mpya ukiiweka palepale, mdomo wake unaelea juu ya shimo. Itashika siku tatu, wiki moja, halafu tui linarudi, na wewe unailaumu sili.

Dawa ya mfereji ipo, na haihitaji shafti mpya kila mara. Kama nafasi inaruhusu, sili huwekwa ndani zaidi au nje zaidi kwa milimita moja au mbili, ili mdomo ukae kwenye chuma kisichoguswa. Hakikisha tu kwamba sili yenyewe bado imekaa yote ndani ya nyumba yake na haigusi beringi. Kama nafasi hakuna, yapo mapete membamba ya chuma kisichoshika kutu yanayovishwa juu ya shafti kuufunika mfereji. Maduka makubwa ya beringi huyauza kwa kipimo cha shafti. Mfereji ukiwa wa kukwaruza tu, msasa wa maji namba 600 unatosha, ila usugue kwa kuzunguka shafti kama unavyofunga kamba, kamwe usisugue kwa urefu. Mikwaruzo ya urefu ni mifereji midogo ya kuyapitisha maji moja kwa moja chini ya mdomo.

Kitu cha pili cha kutazama palepale ni mshipi. Ukichomoa propela na ile washa nene iliyo mbele yake, angalia pale shafti inapoingia kwenye sili. Nimekwisha kutoa humo uzi wa nyavu uliosokotana hadi ukawa kama pete ngumu ya plastiki, umeyeyuka kwa moto wa msuguano na kujichimbia ndani ya sili ya nje. Kwa nje huoni kitu. Mvuvi anayepita juu ya nyavu na mishipi kila siku inafaa achomoe propela yake kila mwezi, atazame, apake grisi, arudishe. Ni kazi ya robo saa.

Cha tatu ni mchanga. Najua mnapwelewa huko. Maji yakipwa siku za bamvua, boti hukaa mchangani, na wapo wanaowasha mashine propela ikiwa imejaa mchanga ili kujisukuma mpaka kwenye maji. Mchanga ule huingia chini ya mdomo wa sili na kufanya kazi ya msasa. Sukuma boti kwa mabega, mwanangu, mguu ukiwa juu.

Cha nne ni shafti yenyewe. Shika ncha ya shafti ya propela, itikise juu na chini. Ikicheza, beringi imelegea, na hakuna sili inayoweza kuifuata shafti inayoruka. Kisha weka kipande cha waya kikikaribia kuigusa ncha, zungusha polepole ukitazama uwazi uliopo. Uwazi ukifunguka na kufumba, shafti imepinda, labda kwa jiwe au gogo. Iliyopinda hainyooshwi kwa nyundo. Hapo pesa itakutoka kidogo, kwa shafti au kwa fundi wa mashine ya kukereza aliye na ujuzi.

Sasa twende kwenye kipimo. Giaboksi iwe tupu, haina oili, imekauka. Tafuta skrubu moja ya zamani inayoingia sawasawa kwenye tundu la oili la mguu wako, itobolewe katikati, kisha ushikize humo valvu ya tyubu ya pikipiki kwa gundi ya epoksi ya chuma. Iache ikauke siku nzima. Skrubu hiyo iingie tundu la juu na washa yake mpya. La chini lifungwe kwa skrubu ya kawaida, nayo iwe na washa mpya. Unganisha pampu ya baiskeli yenye geji. Usitumie kompresa ya fundi wa pancha. Nafasi iliyomo ni ndogo, na hewa ya kompresa huzing'oa sili kabla hujaona sindano ya geji imekwenda wapi.

Anza na presha ndogo, PSI 3 hadi 5, halafu subiri. Mafundi wengi huruka hatua hii. Sili chakavu huweza kuvuja kwenye presha ndogo ikaziba kwenye kubwa, kwa kuwa hewa yenyewe huubana mdomo wake kwenye shafti. Ikishika, panda polepole hadi karibu na PSI 14, ambayo ni kama kilopaskali 100, kipimo ambacho Yamaha wenyewe hukitumia kwa miguu mingi. Usizidishe hapo. Kitabu kinataka ishike sekunde 10. Mimi huiacha dakika 10, na wakati huo sikai kimya: nazungusha propela mbele na nyuma, navuta shafti na kuisukuma, natia gia na kutoa. Sili nyingi hushika zikiwa zimetulia na kuachia zikisumbuliwa, na baharini husumbuliwa muda wote.

Sindano ikishuka, tumbukiza mguu ndani ya pipa la maji au paka maji ya sabuni kila mlango kwa brashi, na utazame kwa subira. Upenyo mkubwa hutoa mapovu makubwa ya kuonekana mbali. Upenyo mbaya zaidi ni ule mdogo, unaotoa povu moja la ukubwa wa punje ya mtama kila baada ya nusu dakika. Ukishughulika na simu unalikosa.

Nikuambie lililonipata Tanga miaka ya nyuma. Nilibadilisha sili za propela za mashine moja ya wavuvi, ikarudi na tui. Nikabadilisha tena, ikarudi. Mara ya tatu ndipo nilipoitia hewa, jambo nililotakiwa kulifanya siku ya kwanza. Povu lilitokea chini kabisa, kwenye skrubu ya kumwagia oili, ambayo nilikuwa nimeiwekea washa mpya kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipoifungua na kumulika ndani kwa tochi nikaona washa ya zamani imebaki imegandia kwenye kikalio chake, imebonyea, rangi moja na alumini. Yangu mpya ilikuwa imekalia juu ya ile. Niliing'oa kwa ncha ya sindano ya kushonea. Wale wavuvi walikuwa wamepoteza siku za kazi kwa sababu ya kitu cha ukubwa wa kifungo cha shati. Kwa hiyo kabla hujaenda mbali, mulika tochi kwenye yale matundu mawili.

Baada ya presha, pima kwa kunyonya ukiweza. Gereji nyingi za magari zina pampu ya mkono ya kunyonyea, inayotumika kwenye breki. Presha hupima hewa ikitoka, lakini kosa lako wewe ni maji kuingia, na sili zinazotazama ndani na zinazotazama nje hazivuji sawa kwa pande zote mbili. Vuta ombwe dogo, uone kama linashika. Likipungua, paka oili kuzunguka kila mlango unaoushuku: pale itakaponyonywa kuingia ndani, ndipo.

Mapovu yakitokea kwenye shafti ya propela, tumekwisha kuongea. Yakitokea kwenye ukingo wa nyumba ya beringi, ni ile oringi kubwa, au kikalio chake kimeliwa na chumvi. Yakitokea kwenye fimbo ya gia, hasa unapoisogeza, ni kazi ndogo na ya bei ndogo, ila husahaulika na wengi. Yakitokea juu, chini ya pampu ya maji, basi hapo ndipo ninapopashuku mimi zaidi kwa mashine yako. Nikueleze kwa nini. Sili za shafti ya wima hukaa chini ya pampu, mahali penye maji ya chumvi na mchanga muda wote mashine inapotembea, na hakuna anayezifikia bila kuushusha mguu. Mtu aliyebadilisha sili za propela mara mbili bila kuushusha mguu hajaziona kabisa. Ukifungua pampu ukakuta oili oili humo, au shafti ina mfereji pale sili inapokaa, umempata mwizi. Na ukiwa hapo, badilisha impela pia, ile feni ya mpira ya pampu, usikubali kuirudisha ya zamani kwa kubana matumizi. Unapoiingiza, shafti izungushwe kulia kama mishale ya saa ukitazama kutoka juu, ili mabawa yalale upande wa kazi.

Kutoa nyumba ya beringi kwenye mashine ya baharini ndiko kunakowatoa watu jasho na kuwavunjia alumini. Chumvi hugeuza alumini kuwa unga mweupe, unga huvimba, na kipande kinashika kana kwamba kimechomelewa. Usikigonge pembeni kwa patasi. Toa bolti au nati inayokishika: mashine ndogo na za kati huwa na bolti mbili, kubwa huwa na nati ya duara yenye meno, na washa yake ya kufungia hukunjuliwa kwanza. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha. Kesho yake ipashe moto bodi kwa nje kwa moto wa gesi, ukizunguka bila kutulia mahali pamoja. Bodi ikipata joto hutanuka na kukiachia kilichomo. Tumia pula inayovuta pande zote mbili kwa usawa. Kama haijakubali, pasha tena, vuta tena. Nimewahi kupasha mara sita. Sili na oringi zitaungua, na ni sawa, zinabadilishwa zote.

Ikitoka, piga picha ya sili kabla ya kuzing'oa. Hili nalisisitiza. Mashine nyingine sili zake mbili zimekaa mgongo kwa mgongo, moja ikitazama ndani kushika oili, nyingine nje kuzuia maji. Nyingine zote mbili zinatazama nje. Kila kiwanda na hesabu yake, na picha moja ya simu itakuondolea mabishano. Ile unga nyeupe kwenye kikalio cha oringi ipanguse kwa brashi ya plastiki na siki, isugue mpaka uone alumini safi. Mashimo madogo huzibwa kwa epoksi ya chuma na kulainishwa kwa msasa mwembamba. Mashimo yaliyokula nusu ya ukingo hayazibwi kwa gundi. Hapo bodi itahitaji kujazwa kwa kuchomelea alumini na kukerezwa upya.

Kuhusu sili zenyewe, kuna jambo linalouma wavuvi wengi. Dukani utaambiwa sili ya pikipiki au ya gari yenye vipimo vilevile inafaa. Vipimo vimeandikwa juu ya sili kwa milimita, tundu, kipenyo cha nje na unene, na kweli vitalingana. Springi ndiyo haifanani. Sili za mashine za baharini hutengenezwa kwa springi isiyoshika kutu. Ya pikipiki ina springi ya chuma cha kawaida, na maji ya chumvi huila ndani ya miezi michache. Ikikatika, mdomo hauna kinachoubana. Huenda hata hizo mbili ulizowekewa zilikuwa za namna hiyo. Zing'oe utazame springi zake. Ziwa Victoria, ambako maji si ya chumvi, watu huzitumia zikadumu. Bahari ya Hindi haitakuachia.

Unapoweka mpya, pandisha kwa soketi au bomba lenye kipenyo karibu sawa na sili, ukigonga taratibu, iingie imenyooka. Jaza grisi ya baharini kati ya sili mbili, na upake midomo yote. Kisha shafti: ile sehemu yenye meno ina kingo kali kama wembe. Ukiipitisha hivihivi kwenye sili mpya, unaikata siku ileile ya kuiweka, na hutaona. Kata kipande cha plastiki nyembamba kutoka kwenye chupa ya maji, kizungushe juu ya meno, kipake grisi, ipitishe sili juu yake, halafu kivute kitoke. Oringi nayo ipakwe grisi, na isiwe imejikunja.

Ukishafunga kila kitu, rudia kupima presha kabla ya kutia oili. Kamwe usitie oili kwenye giaboksi ambayo haijashika hewa.

Oili iwe ya gia za mashine za boti, au oili ya gia ya SAE 90 daraja la GL-4, ndiyo Yamaha hutaja kwa mashine hizi. Jaza kutoka tundu la chini mpaka itoke juu bila mapovu. Asiye na pampu atumie chupa ya tomato sosi yenye mdomo mrefu, iliyooshwa ikakauka kabisa. Ikishatokea juu, funga skrubu ya juu kwanza, ndipo uchomoe chupa chini na kufunga haraka. Hewa ikiwa imezibwa juu, oili haimwagiki sana. Wanaojaza kwa juu huacha hewa imenasa ndani, na hewa hiyo ndiyo inayotanuka na kusinyaa.

Angalia pia zinki, kile kipande cha rangi ya kijivu kilichokaa kama kipezi nyuma ya propela kwa juu. Kazi yake ni kuliwa badala ya giaboksi. Ikibaki nusu, badilisha. Na isipakwe rangi hata kidogo, maana ikipakwa haifanyi kazi, na chumvi hurudi kula bodi yako.

Neno moja kwa wasomaji wenye Johnson au Evinrude za zamani, maana najua bado zipo. Karibu na skrubu ya oili ya mashine hizo kuna skrubu nyingine yenye mchoro wa msalaba. Msiifungue. Ile ndiyo egemeo la gia ndani. Ikitoka, vitu huanguka humo, na mguu wote utabidi ufumuliwe.

Nirudi kwako. Endapo kipimo kitaonyesha bodi imepasuka mahali panapobeba beringi, au beringi na gia zimemeguka, hapo nitakubaliana na fundi wenu, na nitakushauri utafute mguu wa mtumba kuliko mpya, nao uupime hewa mbele ya muuzaji kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikataa kupimwa, ondoka. Lakini kama ni sili za juu, oringi au washa, utarudi baharini kwa gharama ya seti moja ya sili na lita moja ya oili.

Ukishairudisha kazini, tembea saa 10, iache mashine wima usiku mmoja, na asubuhi legeza skrubu ya chini utoe matone machache kwenye gilasi nyeupe. Yakiwa na rangi ya asali, funga, kisha uendelee kubadilisha oili kila saa 100. Yakiwa na ukungu, hata mdogo, usisubiri yawe tui: mwaga, tia hewa, na unipigie picha ya mahali povu linapotokea pamoja na picha ya shafti palipo na sili, mwanga ukitokea ubavuni ili mfereji uonekane.